Mgongo Ukivunjika Kando ya Ziwa

Mtu akianguka kutoka juu ya mchikichi, jambo la kwanza wanalofanya waliomkimbilia ni kumwinua. Mmoja anamshika kwapani, mwingine miguuni, wa tatu anasema akalishwe apewe maji, apate nguvu. Wanafanya hivyo kwa huruma, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini kama pingili ya mgongo imevunjika, dakika zile chache za huruma zinaweza kuamua iwapo mtu huyo atasimama tena.

Kando ya Ziwa Tanganyika watu wanakwea. Kuanzia Uvira na Baraka kushuka hadi huku kwetu Moba, nchini Kongo, na ng'ambo kule Kigoma, mchikichi, au mungazi tunavyouita wengi, ndio mti wa mafuta na wa ada ya shule, na ngazi, yaani matunda yake, hazishuki zenyewe. Msimu wa maembe watoto wako juu ya miembe tangu asubuhi. Wengine husafiri wamekaa juu ya mizigo ya lori linalopanda kutoka bandari ya Moba kwenda Kirungu na kwenye nyanda za Marungu. Pikipiki zimezidi, na katika miaka ya vurugu risasi nazo zimewaacha watu wamelala. Basi habari za mgongo si habari za mbali, hata kama maabara zinazouchunguza ziko Ulaya na Marekani.

Ndani ya pingili za mgongo kuna mfereji, na ndani ya mfereji huo unapita ugwe wa neva unaoshuka kutoka ubongoni. Kwa mtu mzima urefu wake ni sentimita 45 hivi, unene wake ni wa kidole kidogo cha mkono, na ulaini wake ni wa ndizi mbivu. Amri ya kutembea hushuka humo. Habari za maumivu, za joto, za kibofu kilichojaa hupanda kwa njia hiyohiyo. Pingili ikivunjika na kuhama, ugwe hubanwa. Ukibanwa shingoni, mikono na miguu hulegea na hata kupumua huwa taabu. Ukibanwa kifuani au kiunoni, mikono husalimika, lakini miguu, mkojo na choo havitawaliki tena. Pigo la kwanza huharibu sehemu tu. Katika saa na siku zinazofuata mahali pale huvimba, damu hupungua, na seli zilizonusurika huanza kufa moja baada ya nyingine. Kwa miongo mingi watafiti wamekuwa wakihangaikia hapo: namna ya kuokoa kile ambacho hakijafa.

Kuokoa huko huanzia chini ya mti. Wanahitajika watu watano. Mmoja hashughuliki na kitu kingine ila kichwa: anapiga magoti nyuma ya utosi, anaweka viganja pande zote mbili za masikio, anakishikilia kichwa kibaki mstari mmoja na kifua. Yeye ndiye anayehesabu. Watatu wanapiga magoti upande mmoja wa mwili, mikono yao begani, nyongani na magotini. Ikifika tatu wanamgeuza wote kwa pamoja, mwili mzima, bila kiuno kujipinda, na wa tano anasukuma ubao chini ya mgongo. Mlango ulioong'olewa unatosha. Nguo zinaviringishwa na kutiwa pande zote mbili za kichwa, vitenge vinamfunga kifuani, nyongani na mapajani. Kipoyi cha kumkalisha hakifai, kumbeba mgongoni hakufai, na kumpakiza katikati ya watu wawili juu ya pikipiki ni hatari kuliko yote. Vijana wanaokwea wangefundishwa jambo hili moja, kwa sababu wao ndio huwa karibu mwenzao anapoanguka.

Baada ya hapo mambo yanakuwa magumu, wala sitaki kuyapamba. Mwaka 2012 madaktari wa Amerika Kaskazini walichapisha matokeo ya wagonjwa 313 walioumia ugwe shingoni: waliopasuliwa ndani ya saa 24 walipata nafuu kubwa kwa wingi zaidi kuliko waliocheleweshwa. Sasa zipime saa hizo 24 ukiwa Moba. Kalemie, makao makuu ya mkoa wetu wa Tanganyika, iko kaskazini, na wengi huiendea kwa boti kwa kuwa barabara haiaminiki, hasa wakati wa mvua. Anayehitaji kufungwa vyuma mgongoni hutazamia Lubumbashi. Hata Dar es Salaam, penye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, watafiti wa pale wakishirikiana na wenzao wa Weill Cornell ya New York wameonyesha kwamba wagonjwa wengi hungoja siku nyingi kabla ya upasuaji, na wengine hawaufikii kabisa, na kwamba bei ya vyuma ni kikwazo kikubwa.

Wengi wakisikia hayo hukata tamaa. Naona wanafanya haraka, kwa sababu sehemu kubwa ya watu wanaoendelea kuishi baada ya ajali hii hawaokolewi na kisu, na historia inaonyesha hivyo.

Hati moja ya Misri ya kale, iliyoandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo na kujulikana leo kwa jina la Edwin Smith aliyeinunua, inamweleza mtu aliyevunjika shingo asiyeihisi mikono wala miguu yake. Mganga aliyeiandika anakiri kwamba hilo ni jambo lisilotibika. Hukumu hiyo ilidumu zaidi ya miaka elfu tatu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza wengi mno wa askari walioumia ugwe walikufa, hesabu inayotajwa mara nyingi ni wanane katika kila kumi, na waliuawa na vidonda vilivyooza mgongoni na mkojo uliopanda hadi figo.

Kisha, Februari 1944, Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939, alikabidhiwa wodi ya waliopooza huko Stoke Mandeville, Uingereza. Dawa ya kuunganisha neva hakuwa nayo, na mpaka leo haijapatikana. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Aliamuru mkojo utolewe kwa usafi mkali. Akakataa watu walazwe wakingoja kifo. Aliwapa kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London, majeruhi 16 wa vita walishindana kulenga shabaha kwa upinde kwenye uwanja wa hospitali, na mashindano hayo ndiyo yaliyokua yakawa Paralimpiki. Watu waliokuwa wakifa katika miezi michache wakaanza kuishi miaka mingi.

Ushahidi wa karibu yetu zaidi umetoka Moshi, Tanzania. Haleluya Moshi, mtaalamu wa fiziotherapia, akiwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, alipekua mafaili ya hospitali ya KCMC ya miaka 2010 hadi 2014 na kuwapata watu 288 walioumia ugwe kwa ajali. Sababu iliyoongoza ilikuwa kuanguka, karibu nusu ya wote, kuliko hata ajali za barabarani. Takriban mmoja katika kila wanne alifia hospitalini. Na miongoni mwa madhara yaliyowapata wakiwa wodini, vidonda vya kulala vilikuwa mbele. Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti yake ya mwaka 2013, linasema watu wenye ugwe ulioumia wako katika hatari ya kufa mapema mara mbili hadi tano kuliko wengine, na walio taabani zaidi ni wa nchi maskini. Kwa maneno mengine, muuaji aliyeshindwa Stoke Mandeville miaka themanini iliyopita bado anaua kwetu, na tunazijua mbinu zake zote.

Mtazame anavyofanya kazi. Mtu mzima akilala chali, uzito wake hukaa juu ya mifupa michache: mfupa wa juu ya makalio, visigino, mabega, kisogo. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu. Wewe na mimi tunajigeuza usingizini bila kujua, kwa sababu maumivu hutuamsha nusu. Asiyehisi hajigeuzi. Baada ya saa chache seli zinakufa chini, karibu na mfupa, wakati ngozi ya juu bado inaonekana nzima. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo jicho halitoshi. Gusa kwa mgongo wa kiganja: pana joto kuliko pembeni, au pamekuwa pagumu. Mahali hapo hapalaliwi tena mpaka parudi katika hali yake. Mto katikati ya magoti, kitambaa kilichokunjwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee, shuka isiyo na mikunjo, ngozi kavu. Na kamwe usimwekee chupa ya maji moto wala majani yaliyochemshwa miguuni kwa kumhurumia baridi. Hatasema inaunguza, na kesho utakuta malengelenge.

Katika hospitali zetu nyingi anayefanya kazi hii si muuguzi. Ni mama wa mgonjwa, mke au dada yake, aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Muuguzi mmoja ana wodi nzima. Kwa hiyo tukitaka kusema kwa dhati juu ya kupona kwa aliyevunjika mgongo, mtu wa kwanza kufundishwa ni huyo mama wa mkekani, na afundishwe siku ya kwanza, kabla kidonda hakijafunguka. Kidonda kikifunguka hadi mfupani hula miezi, hula fedha yote ya nyumba, na mara nyingi humla mgonjwa mwenyewe.

Kwenye mkojo nako sayansi imekuja na jambo rahisi. Kwa muda mrefu waganga waliamini kwamba mpira wa kutoa mkojo lazima uingizwe kwa vifaa vilivyochemshwa na glavu za chumba cha upasuaji, la sivyo mgonjwa ataambukizwa. Mwaka 1972 Jack Lapides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba mgonjwa mwenyewe, kwa mikono iliyooshwa vizuri na mpira safi, anaweza kujitoa mkojo mara kadhaa kwa siku na figo zake zikabaki salama. Kinacholeta madhara zaidi ni kibofu kuachwa kikajaa kupita kiasi. Mpira unaoachwa ndani wiki kwa wiki hufuga vijidudu. Wa kuingiza na kutoa kila baada ya saa nne hadi sita una nafuu. Sabuni, maji, kikombe cha kupimia na ratiba: hivyo vinapatikana hata kijijini.

Kuna hatari moja ambayo naomba kila mwenye mgonjwa wa namna hii aijue. Aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua anaweza kushikwa ghafla na kichwa kuuma kwa nguvu, jasho usoni, mapigo ya moyo yakapungua huku shinikizo la damu likipanda sana. Watu hudhani ni malaria au pepo. Mara nyingi ni kibofu kilichojaa, au mpira uliojikunja, au choo kigumu, ambacho mwili unakilalamikia kwa njia pekee iliyobaki. Mkalishe wima upesi, legeza mshipi na nguo, angalia mpira, toa mkojo. Akicheleweshwa anaweza kupasuka mshipa kichwani.

Swali ambalo ndugu huliuliza mlangoni ni lile moja: dokta, atatembea? Hapa pia kipimo cha maana ni cha bei ndogo. Daktari huchukua pamba na pini, akaanzia shingoni kushuka hadi sehemu za siri na njia ya haja kubwa, akiuliza kama mgonjwa anahisi mguso na kama anatofautisha ncha kali na butu. Akikuta hisia yoyote kule chini kabisa, ina maana ugwe haukukatika wote, na matumaini yanakuwa makubwa zaidi, hasa kama ncha ya pini inahisiwa. Kipimo hurudiwa, kwa kuwa siku za mwanzo ugwe huwa katika mshtuko na unaweza kudanganya. Nguvu inayorudi hurudi zaidi katika miezi sita hadi tisa ya kwanza. Kumwambia mtu hivyo kwa ukweli, bila kumkatia tamaa na bila kumuahidi miujiza, ni sehemu ya tiba.

Si kila anayekufa miguu ameanguka, na kwa Moba hili ni la kutazamwa sana. Kifua kikuu huingia kwenye pingili, huzila polepole na kuufanya mgongo uote nundu. Kikigunduliwa mapema, dawa zilezile za kifua kikuu zinaweza kumrudisha mtu kwenye miguu yake. Kisha kuna konzo. Daktari Giovanni Trolli aliieleza mwaka 1938 kutoka Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu: mtu mwenye afya njema analala, anaamka miguu imekakamaa, na haikunjuki tena maisha yake yote. Mwaka 1981 zaidi ya watu elfu walipatwa Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ikazuka Tarime, Tanzania. Waliopatwa zaidi ni wanawake wenye umri wa kuzaa na watoto. Watafiti Hans Rosling na Thorkild Tylleskär, na kwa upande wa Kongo Jean-Pierre Banea na Desiré Tshala-Katumbay, wameifuatilia hadi jikoni: muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, na usipolowekwa vya kutosha, kwa mtu asiyepata samaki, nyama wala maharage, sumu hiyo huharibu njia za neva zinazoongoza miguu. Huko Bandundu, upande uleule wa magharibi, Tylleskär alikuta kwamba barabara nzuri ya kwenda sokoni iliwafanya wanawake wafupishe kuloweka kutoka siku tatu hadi moja, ili magunia yawahi lori. Howard Bradbury wa Australia alibuni njia ya kuokoa unga uliokwisha kusagwa: ulowanishe kwa maji, utandaze tabaka jembamba, uuache saa mbili juani au tano kivulini, sumu ipae hewani, ndipo usonge bukari. Sisi wenye dagaa ziwani tuna kinga, lakini dagaa wakiadimika na watu wakikimbia mashamba, kinga hiyo haipo.

Nimewahi pia kuulizwa kuhusu watafiti wa Lausanne wanaotumia umeme kuwatembeza waliopooza, na kweli wanastahili kuulizwa. Grégoire Courtine na daktari wa upasuaji Jocelyne Bloch, huko Uswisi, wameweka vipande vya umeme juu ya ugwe, chini ya mahali ulipoumia, na watu waliopooza wakapiga hatua. Mwaka 2023 walieleza habari za Gert-Jan Oskam, Mholanzi aliyeumia kwa baiskeli nchini China mwaka 2011: kifaa kilichowekwa juu ya ubongo kinasoma nia yake ya kutembea na kuipeleka hadi kwenye ugwe, akitembea kwa magongo. Desemba 2024 Marekani iliruhusu kifaa kingine kisichohitaji upasuaji, kinachobandikwa kwenye ngozi ya shingo; kilijaribiwa kwa watu 60, na 72 kwa mia wakaongezeka nguvu na uwezo wa mikono. Japani, Chuo Kikuu cha Keio kimepandikiza seli kwa wagonjwa wanne, na wawili wameonyesha nafuu. Nayafurahia haya kwa moyo wote. Lakini wote hao walifanya mazoezi kwa miezi na miaka, na wote walifika kwenye mashine hizo wakiwa na ngozi nzima, figo nzima na viungo visivyokakamaa. Kijana wa Moba anayekufa kwa kidonda mwaka huu hataifikia tiba yoyote itakayopatikana baadaye, hata ikija kwa bei ya kidonge.

Watu wa mazoezi na viti tunao, ila wako mbali. Bukavu kuna Heri Kwetu, Goma kuna Shirika la Umoja, vituo ambavyo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imevisaidia kutengeneza viungo bandia na kuwafanyisha watu mazoezi. Ng'ambo ya ziwa, pale KCMC, chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, na mafundi wa viti vya magurudumu baadaye. Kiti cha uwanja wa ndege hakifai mchanga wa bandarini wala mawe ya mlima wa Kirungu. Kinachofaa kina gurudumu la mbele lililosogezwa mbali, tairi za baiskeli zinazozibwa na fundi yeyote, na mto unaolinda makalio.

Cha kuanzia kwetu, naona, ni daftari. Utafiti wa Moshi ulitoka kwenye mafaili ya hospitali, si kwenye mashine. Kila zahanati ya Moba iandike kwa kila aliyeumia mgongo: umri, alianguka kutoka wapi, nani alimwinua na kwa namna gani, saa ngapi zilipita kabla hajafika, anahisi pini hadi wapi, kidonda kilianza siku ya ngapi, yuko wapi baada ya mwaka mmoja. Mistari hiyo ikijaa, mganga mkuu wa eneo la afya atajua kama fedha kidogo aliyonayo aipeleke kwenye kamba za wakwezi, kwenye magodoro, au kwenye mipira ya mkojo. Kwa sasa wanaoanguka huzikwa au hufichwa vyumbani, na hakuna mahali walipoandikwa.